Kamera Ikijitikisa, Mapafu Hayasomeki



Waliopita dispansari majuma haya wameniona nikipiga picha karatasi ya shule, ile ya vimraba vya milimita, iliyobandikwa mbele ya taa ukutani. Naipiga mara tano, naandika katika daftari, nabadilisha kitu kidogo, naipiga tena mara tano. Mama mmoja aliyeleta mtoto kwa chanjo aliniuliza: "Munganga, hiyo karatasi inaumwa nini?" Karatasi ni nzima. Anayepimwa ni kamera. Na nyuma ya kamera, anayepimwa kwa kweli ni mume wake, ambaye hutoboa mawe kila siku. Hebu nieleze.

RADIO INASOMWA MBALI

Mtu aliyefanya kazi miaka mingi katika vumbi la mawe hutumwa kupigwa picha ya kifua, ile ambayo sisi huiita radio. Anarudi hapa Iga Barrière na filamu ndani ya bahasha kubwa, urefu wake sentimita 43 na upana sentimita 35. Kwetu kuna taa ya kuisomea, lakini hakuna daktari ambaye kazi yake ya kila siku ni kusoma mapafu ya wachimbaji. Kwa hiyo tunaitundika filamu mbele ya taa, tunaipiga picha kwa kamera, na picha hiyo inakwenda kwa njia ya simu mpaka kwa daktari mwenye uzoefu. Yeye haoni filamu. Anaona kile tu ambacho kamera yetu imeona. Kamera ikikosa, naye anakosa, tena bila kujua.

Kutumia kamera katika kazi ya radio si jambo geni. Mwaka 1936, huko Rio de Janeiro nchini Brazili, daktari Manuel de Abreu alionyesha njia ya kuupiga picha ndogo mwanga wa kioo cha radio, ili watu wengi wapimwe kifua kwa siku moja na kwa gharama ndogo. Njia hiyo ilienea duniani, na migodi ya dhahabu ya Afrika Kusini iliitumia kwa maelfu ya wachimbaji. Picha zile zilikuwa ndogo kama kiganja au chini yake, na walioziangalia walijua vema kwamba ukungu kidogo tu unatosha kumficha mgonjwa.

Sasa, daktari anatafuta nini? Eneo letu la Kilo-Moto limechimbwa dhahabu kwa zaidi ya miaka 100, na dhahabu hiyo mara nyingi hukaa ndani ya mawe meupe ya kwarzi. Mkitoboa au kusaga mawe hayo makavu, vumbi lake lililo jembamba kabisa, lile lisiloonekana kwa macho, huingia mpaka mwisho wa mapafu na kuacha makovu. Huo ndio ugonjwa wa silikosi. Hakuna dawa ya kuyafuta makovu hayo, na yanaweza kuendelea hata baada ya mtu kuacha kazi ya vumbi. Tena mapafu yenye vumbi la kwarzi hushikwa na kifua kikuu kwa urahisi zaidi kuliko mapafu mengine. Kifua kikuu, ashukuriwe Mungu, kinapona. Matibabu yake ya kawaida ni ya miezi 6. Lakini lazima kionekane kwanza.

Mwaka 1930 wataalamu wa nchi mbalimbali walikutana Johannesburg, mji wa wachimba dhahabu, kuzungumza juu ya silikosi. Tangu hapo Shirika la Kazi la Kimataifa limekuwa likitengeneza na kusahihisha utaratibu wa kusoma radio za wafanyakazi wa vumbi. Katika utaratibu huo vivuli vidogo vya mviringo vimepewa herufi tatu. Herufi p ni vile visivyozidi milimita 1.5. Herufi q ni vile vya kuanzia hapo mpaka milimita 3. Herufi r ni vile vinavyozidi milimita 3 mpaka 10.

Vivuli vikishafika r, hata kamera mbovu itaviona, na hata mimi nitaviona kwa kusimama mlangoni. Tunachotafuta ni p, wakati mtu bado anapanda kilima bila kuhema, wakati bado kuna faida kubwa ya kumhamisha kutoka kwenye vumbi. Na kuna namna moja ya kifua kikuu, inayosambaa mwilini kwa njia ya damu, ambayo nayo hujaza mapafu vidoa vidogo kama punje za ulezi. Hiyo haimsubiri mtu.

Tufanye hesabu kidogo. Kamera yetu hutoa picha ya vitone 6,000 kwa 4,000. Upana wa filamu, sentimita 35, ukigawanywa kwa vitone 4,000, kila kitone kinabeba karibu milimita 0.09. Kamera ikijitikisa kiasi cha vitone vitatu tu, ukungu wake juu ya filamu ni robo ya milimita. Fundi wa karakana atasema robo milimita si kitu. Kwa boriti si kitu. Lakini katika kundi la p kuna vidoa vya nusu milimita, tena hafifu, kama alama ya pumzi juu ya kioo. Kidoa hafifu ukikipaka robo milimita juu na robo milimita chini, kinaungana na mwenzake na vyote viwili vinapotea. Hapo daktari ataandika moja ya mambo mawili. Ama ataandika "picha haisomeki, rudieni", na hiyo inatugharimu siku moja. Ama ataandika "mapafu safi", na ndugu yetu atarudi kwenye vumbi miaka mingine miwili akiwa na barua mfukoni.

KAMERA INAJITIKISAJE?

Kila mtu anajua kwamba mkono ukitetemeka picha inaharibika. Ndiyo maana kamera ya dispansari imefungwa juu ya miguu mitatu ya chuma. Wachache wanajua kwamba hata juu ya chuma kamera inaweza kujitikisa yenyewe.

Ndani ya kamera ya namna hii kuna kioo kidogo kilicholala mshazari mbele ya mahali pa picha. Ukifyatua, kioo kinaruka juu na kugonga, ule mlio wa "pa!" mnaousikia sehemu kubwa ni wake. Nyuma ya kioo kuna mapazia mawili ya vipande vyembamba. Pazia la kwanza linakimbia na kufungua njia ya mwanga, halafu linasimama ghafula. Muda ukiisha pazia la pili linalifuata na kufunga. Yote hayo ni chuma kinachokimbia na kugonga ndani ya kisanduku chepesi.

Mama wa nyumbani atanielewa upesi. Weka beseni la maji karibu na kinu, mtu atwange pigo moja la mchi. Maji yanatetemeka, halafu yanatulia polepole. Ukifumba macho wakati wa pigo na kuyafumbua baada ya maji kutulia, utaona uso wako ndani ya beseni. Ukiyafumbua katikati ya mtikisiko, utaona uso wenye mawimbi. Kamera ni hivyo hivyo. Tofauti ni kwamba yeye ndiye kinu, na yeye ndiye jicho.

Kutokana na hayo inatoka ajabu moja ambayo watu hukataa kuiamini: picha ya haraka sana ni safi, picha ya polepole sana nayo ni safi, iliyo katikati ndiyo yenye ukungu. Kwa 1/1000 ya sekunde, mwanga umeshaingia kabla mtikisiko haujapata nafasi. Kwa sekunde nzima 1 au 2, mtikisiko unakula sehemu ndogo ya mwanzo tu, na muda uliobaki kamera imetulia. Lakini kati ya 1/4 na 1/30 pigo la kioo linajaza karibu muda wote. Na kioo kikiwa kimenyanyuliwa mapema, bado pazia lenyewe linaweza kutikisa picha za karibu 1/60 mpaka 1/200. Filamu ya radio mbele ya taa dhaifu kama yetu inaomba muda gani? Kwa kawaida wa 1/15, 1/8, 1/4. Yaani panapo ubaya hasa.

JINSI YA KUIPIMA

Yeyote mwenye kamera anaweza kufanya kipimo hiki, hakihitaji fedha.

Bandika karatasi ya milimita mbele ya taa, mahali pale pale panapokaa filamu. Inafaa kuliko gazeti kwa sababu ina mistari ya kulala na mistari ya kusimama yenye unene mmoja. Lenga mistari hiyo, halafu zima ulengaji wa kamera wenyewe ili usibadilike tena. Usiguse tundu la lenzi mpaka kipimo kiishe, maana tundu nalo hubadilisha ukali wa picha, nawe hutajua nani mwenye kosa. Ukitaka muda mrefu zaidi, punguza mwanga: ongeza karatasi nyeupe nyuma ya ile ya mistari, moja, mbili, tatu. Ukitaka muda mfupi, ziondoe.

Fyatua kwa kuchelewesha sekunde 10, si kwa kidole, mkono uwe mbali. Piga picha tano kwa kila muda: 1/500, 1/250, 1/125, 1/60, 1/30, 1/15, 1/8, 1/4, 1/2, na sekunde 1. Tano, kwa sababu moja inaweza kuwa nzuri kwa bahati. Rudia mlolongo wote kioo kikiwa kimenyanyuliwa mapema. Kama kamera yako ina pazia la umeme, lile lisilo na chuma chochote kinachokimbia, rudia tena kwa hilo. Ndilo shahidi wako. Kitu kikiwa na ukungu kwa pazia la chuma na kikawa safi kwa pazia la umeme, huna haja ya kumtafuta mshitakiwa mwingine.

Halafu kuza picha katika kompyuta na uangalie mistari. Mistari yote miwili, ya kulala na ya kusimama, ikiwa na ukungu sawasawa, umelenga vibaya. Mistari ya kusimama ikiwa mikali na ya kulala ikiwa minene au miwili miwili kama kivuli, kamera inaruka juu na chini, njia ile ile ambayo kioo na mapazia hukimbia.

Bado mtu anaweza kubisha: "Labda ni miguu ya chuma inayoyumba, labda ni sakafu." Mjibu kwa kuilaza kamera ubavu na kupiga tena. Ukungu ukigeuka pamoja na kamera, ukahamia kwenye mistari ya kusimama, pigo linatoka ndani ya kamera. Ukungu ukikaa pale pale, tazama miguu, sakafu, au lori linalopita.

Kipimo cha pili tulikipata kwa msaada wa karakana. Chukua gololi ya rulema iliyotupwa, ile ndogo inayong'aa, uiweke mbele ya kitambaa cheusi na uimulike kwa tochi kutoka mbali. Juu ya gololi kitaonekana kitone kimoja cha mwanga, kidogo kuliko ncha ya sindano. Kamera ikitulia, kitone kinabaki kitone. Ikijitikisa, kitone kinaandika njia yake yote: kamstari, au ndoano, au nyoka. Vijana waliofika kwa ajili ya vidonda walisahau vidonda vyao wakitazama nyoka yule.

TULICHOKIONA

Kwa kamera yetu ubaya mkubwa ulikuwa 1/15 na 1/8, kioo kikifanya kazi kwa kawaida: mistari ya kulala ilionekana miwili. Kioo kikinyanyuliwa mapema, 1/8 ilipona, lakini 1/60 na 1/125 zilibaki na ukungu mdogo ambao ni wa pazia. Kwa nusu sekunde na sekunde 1, kioo kikiwa juu, mistari yote ilikuwa mikali.

Pazia la umeme liliondoa mtikisiko kabisa. Nilitaka kulisifu hapa, lakini lina kasoro yake. Taa yetu ya kusomea ni ya mirija, na mirija ya namna hii ikila umeme wa kawaida huwaka na kufifia mara 100 kwa sekunde. Pazia la umeme husoma picha mstari kwa mstari, kwa hiyo kwa muda mfupi picha inatoka na mikanda ya giza na mwanga imelala juu ya mbavu. Mikanda hiyo juu ya mapafu ni hatari kuliko ukungu, kwa sababu inafanana na kitu. Anayetumia pazia la umeme mbele ya mirija atumie muda mrefu, 1/25 au zaidi, ndipo mwanga unasawazika.

Kwa hiyo utaratibu wa dispansari sasa ni huu: kioo juu, kuchelewesha sekunde 10, tundu la katikati, muda wa nusu sekunde mpaka sekunde 1. Mfuko wa mchanga unafungwa chini ya miguu ya chuma, nao uguse sakafu; ukining'inia unakuwa pendulamu na kazi inaharibika. Filamu nzima inapigwa mara moja, halafu kila pafu linapigwa kwa karibu sehemu tatu, juu, katikati na chini, ili daktari apate vitone vingi zaidi kwa kila milimita.

Muda mrefu una adui wake. Malori yaendayo Mongbwalu hutikisa ukuta, na mashine za kusaga mawe zikianza, beseni la maji juu ya meza yangu linaonyesha mawimbi. Beseni hilo sasa ni chombo cha kazi. Maji yakitetemeka, hatufyatui.

NA SIMU JE?

Wengi mna simu zenye kamera, nanyi mnauliza kama tumepoteza muda. Simu haina kioo wala pazia la chuma, basi haijitikisi kwa namna hii. Nimeijaribu. Ikishikwa mkononi ni mbaya kuliko kamera. Ikifungwa imara kwenye mguu wa chuma na kufyatuliwa kwa kuchelewesha, ni nzuri, na nasema wazi kwamba inaishinda kamera ya bei kubwa iliyowekwa ovyo. Lakini simu nyingi hupamba picha zenyewe: hulainisha ngozi, huondoa chembe, hukaza mipaka. Kwa harusi ni vema. Kwa mapafu, chembe inayoondolewa ndiyo tunayoitafuta. Anayeweza kuuzima upambaji huo auzime.

Hata hivyo, picha ya kamera au ya simu ni ya kuombea ushauri tu. Kumpa mtu daraja rasmi la ugonjwa kunataka daktari aione radio yenyewe. Kwa hiyo msizitupe filamu zenu! Msizikunje, msizifiche chini ya godoro, msiwape watoto wazifanye miwani ya kutazamia jua, maana zinaharibu macho. Mama akiweka radio ya mumewe ya miaka mitano iliyopita mahali pakavu, ndani ya bahasha yake, anatupa kitu ambacho hakuna kamera inayoweza kukitoa: kipimo cha jana cha kulinganisha na cha leo.

Na kuna ukungu ambao mimi siwezi kuuondoa hapa. Mgonjwa akipumua au kuyumba wakati anapigwa radio, ukungu unaingia ndani ya filamu yenyewe. Anayekupiga akisema "vuta pumzi, shika", vuta mpaka mwisho, shika, mabega mbele, kifua kikae kimya mpaka aseme pumua.

Neno juu ya siri. Kwenye kona ya filamu kuna jina la mtu. Sisi tunalifunika kwa karatasi na kuandika namba. Radio ya mwenzako haipelekwi katika vikundi vya simu, hata kama unamhurumia.

Jumamosi alasiri mashine za kusaga zikinyamaza, nitapima tena kamera pamoja na simu tatu au nne. Anayetaka simu yake ipimwe ailete betri ikiwa imejaa, na mwenye radio ya zamani ailete siku hiyo hiyo, tuipige wakati maji ya beseni yametulia. Karatasi za milimita zimebaki mbili. Mwalimu mwenye za ziada atatusaidia.